Makadirio ya Kitanda

Uzito au ujazo, kinachozidi ndicho kinacholipiwa.
Miaka kumi na sita naisema sentensi hiyo
katika kibanda hiki cha Malindi, feni likinipeperushia karatasi,
kwa wenye saruji, wenye magodoro, wenye maturubali ya harusi,
na hakuna aliyewahi kuniuliza, kama alivyouliza Mkasi binti Ussi,
"Kinachozidi kwa nani?"

Alikuja Jumatatu na chenezo chake mwenyewe,
cha ushonaji, kimefifia kwenye inchi za kifua.
Kitanda kilikuwa juu ya gari la mkono, kimefunguliwa,
miguu yake minne imefungwa pamoja kwa kanga kuukuu.
Sikumuuliza kanga ya nani, wala ilikuwa na maneno gani.
Nilipima.

Mita mbili na kumi, mara moja na sitini,
mara nusu, ule unene wa mbao zilizolaliana.
Moja nukta sita nane.
Mizani ikasema kilo themanini na tano tu,
nami nikamweleza, kwa upole wa kazini,
kwamba melini hewa nayo hulipa nauli:
pale kilipokaa kitanda
hapakai tena gunia la mtu.
"Najua," akasema. "Hata nyumbani ilikuwa hivyo hivyo."

Nikajiinamia, nikaandika.
Nauli mpaka Wete, laki moja na mia nane.
Wachukuzi wa huku, elfu kumi na tano. Wa kule, vile vile,
na wa kule wana midomo, weka na ya soda pembeni.
Gati, elfu nane.
Kamba na magunia ya kukinga mikwaruzo, kumi na mbili.
Bima hakutaka.
Nikapiga mstari, nikajumlisha kutoka chini kwenda juu,
halafu kutoka juu kwenda chini, kama alivyonifunza marehemu Rehani,
aliyekuwa haiamini jumla mpaka imfikie kwa njia mbili.
Laki moja na hamsini elfu, na mia nane.

Ndipo nikafanya nisicholipwa kukifanya.
"Dada," nikamwambia, "hiki mnadani hakifiki laki.
Kiuze hapa hapa. Panda meli na mkoba wako.
Ukifika, fundi akuchongee kingine, na chenji ikubakie."
Akakizungusha chenezo kidoleni, mara tatu, mara nne.
"Kitanda sikitaki, wallahi.
Ila sikiachi hapa kikalaliwa."

Safu ya hilo sina kwenye fomu.
Nina Uzito, nina Ujazo, nina Thamani,
nina Mengineyo, lakini Mengineyo ni finyu,
haiingii hata sahihi ya mtu mwenye majina matatu.
Akahesabu noti za elfu mbili mbili, zinanukia udi.
Meli ikang'oa Jumatano.

Wiki ya tatu kanipigia Shaame wa Wete.
Kuna kitanda ghalani, mwenyewe hajaja kukichukua.
Au tuseme huja. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini,
huja akalipa ghala la wiki nzima,
akakitazama kutokea mlangoni,
akaenda zake.
"Nimwambie nini?"
Mpe risiti, nikasema.

Leo mvua ya vuli, hakuna kupakia.
Nimekaa na kalamu. Elfu moja kwa siku, elfu saba kwa wiki;
wiki kumi na tano, ghala litakuwa limekimeza kitanda kizima,
mbao, misumari na kanga yake,
na kuanzia hapo atakuwa akilipia kitu
ambacho sijui nikipime kwa mizani au kwa chenezo.
Najumlisha kutoka chini. Najumlisha kutoka juu.
Rehani, Mungu akulaze pema, hazipatani.

Nimegonga muhuri wetu wa mpira, ule wa zamani,
uliokatika herufi ya mwanzo:
*akadirio tu. Gharama halisi itajulikana
mzigo utakapopokelewa.*